Nguvu ya Miguu ya Asekenye

Mzee Ejoku alikuwa fundi wa baiskeli mjini Busia, kando ya barabara ya kwenda Alupe. Kila asubuhi alitandaza gunia chini, akapanga spana zake, akaanza kuziba pancha. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, na mdomo wake haukujua kupumzika. Ukimletea baiskeli mbovu, uliondoka na baiskeli nzima na hadithi tatu za zamani.

Hadithi zenyewe zilikuwa za aina moja. Zamani, kabla pikipiki hazijajaa, Ejoku alibeba watu kwa baiskeli pale mpakani. Aliwatoa upande wa Kenya, akawapeleka upande wa Uganda, akarudi na wengine. Alibeba mama na mtoto mgongoni. Alibeba mfanyabiashara mnene pamoja na gunia lake la maharagwe. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na hakuna aliyempita kwa mbio. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na sisi tumwachie tu.

Mkewe, Petronilla, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na magauni ya kwenda kanisani. Alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu yule mwingine aliyamaliza yote. Mtoto wao wa mwisho aliitwa Asekenye. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa mwanamichezo wa baiskeli.

Baiskeli yake ya mashindano ilikuwa ya mtumba. Baba yake aliiunda kipande kwa kipande, leo gurudumu, kesho usukani. Jamani, mzee yule alimpenda binti yake. Asekenye akitoka kwenda mazoezini, Ejoku aliacha wateja wamesimama akaenda kumwangalia mpaka apotee barabarani. Watu walimcheka, naye hakujali hata kidogo.

Mwezi wa nne habari ikaja. Mwisho wa mwezi wa nane kungekuwa na mbio za wanawake, kutoka Busia hadi Malaba na kurudi, kama kilomita sitini. Watatu wa kwanza wangeingia timu ya kaunti. Wangepata kocha, na wangesafiri kushindana mbali. Asekenye aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Baba yake aliitaka zaidi yake.

Basi Ejoku akajifanya kocha. Alimketisha binti yake, akamweleza siri ya kazi yake ya zamani. Alisema vijana wote waliobeba watu mpakani walikuwa wembamba. Hakukuwa na hata mmoja mwenye kitambi. Kwa hiyo, alisema, mwendesha baiskeli lazima awe mwepesi, na miguu yake iwe myembamba ili izunguke haraka.

"Ukitaka kuruka, punguza mzigo," alimwambia. "Na mzigo wa kwanza ni huo mwili."

Kuanzia siku hiyo asubuhi ikawa chai ya rangi. Mchana ikawa kipande kidogo cha atap, ule ugali wa wimbi na muhogo ambao Wateso hawauachi, na mboga za majani. Akirudi kutoka mazoezi jioni, alipewa maji akalala. Mazoezi nayo yalikuwa kila siku, hata Jumapili baada ya misa. Petronilla alijaribu kusema neno, lakini mumewe alimwambia mambo ya baiskeli amwachie yeye. Mzee huyu, akishika jambo, alikuwa na kichwa kigumu kama nyundo yake.

Tusiseme hakuwa na huruma. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kujaza upepo kwenye magurudumu. Alimkanda binti yake miguu kwa mafuta. Na yeye mwenyewe akaanza kunywa chai ya rangi, ili mtoto asione yuko peke yake. Ni mapenzi yaliyomfanya akosee, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona.

Tena mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wiki mbili za kwanza Asekenye alipungua kilo mbili, na akafika Alupe haraka kuliko zamani. Ejoku alivimba kichwa. Aliwaambia wateja wote kwamba kocha ni yeye.

Kulikuwa na msichana mwingine kutoka Matayos, jina lake Mourine. Alikuwa na miguu minene, mapaja yamejaa misuli. Alipopita kwa baiskeli pale kando ya barabara, Ejoku alimcheka. Alisema yule ameletwa kusukuma mkokoteni, si baiskeli.

Lakini mwezi wa tano Asekenye alianza kuchelewa. Kwanza dakika mbili, halafu nne. Ejoku alidhani bado ni mzito, akapunguza hata kile kipande cha mchana. Usiku msichana hakulala vizuri. Mafua yalimshika, yakaisha, yakarudi. Akawa mkali kwa vitu vidogo, na hakuwa mtu wa hasira.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Wasichana kadhaa walifanya mazoezi pamoja kwenda Malaba, na Ejoku aliwafuata kwa pikipiki ya rafiki yake. Kwenye tambarare, upepo ukivuma usoni, Mourine alimpita Asekenye bila hata kusimama kwenye pedali. Asekenye alijaribu kumfuata. Alikanyaga, akakanyaga, lakini miguu haikutoa kitu. Karibu na Adungosi alishuka, akaketi kando ya barabara, akashika kichwa. Malori ya kwenda Malaba yakampita moja baada ya jingine.

Ejoku alishuka akamkimbilia. Binti yake alikuwa anatetemeka, na jua lilikuwa kali.

"Papa, nimeshindwa," Asekenye alisema. "Najua unataka niendelee. Lakini hakuna kitu ndani ya miguu yangu."

Mzee alimnunulia soda na mkate dukani, akamrudisha nyumbani kwa pikipiki. Njia nzima hakusimulia hadithi hata moja.

Petronilla alipowaona wanaingia, hakuuliza swali. Alichukua utepe wake wa kupimia nguo, akauzungusha kwenye paja la mtoto. Kisha akafungua daftari la vipimo. Mwezi wa kwanza alikuwa amemshonea Asekenye suruali fupi ya mbio, na kipimo cha paja kilikuwa sentimita hamsini na sita. Sasa kilikuwa hamsini na moja.

"Hii suruali nimeipunguza mara mbili, Baba Asekenye," alisema. "Mimi najua nguo tu. Lakini mtu haachi kujaa nguo zake hivi kama yuko sawa."

Ejoku aliitazama ile namba kwenye daftari. Petronilla akaenda kumwita jirani yao, Hadijah.

Hadijah alifanya kazi hospitali, katika chumba cha mazoezi ya viungo. Alisaidia watu waliovunjika miguu kutembea tena. Mwezi wa kwanza Asekenye alikuwa amekwenda kwake na maumivu ya goti. Hadijah alimpandisha kwenye baiskeli ya hospitali, ile isiyokwenda popote, yenye kioo kidogo kinachoonyesha nguvu. Kwa hiyo alikuwa na kipimo chake cha zamani. Kilikuwa wati mia moja na tisini.

Kabla ya jambo lolote, Hadijah alimchukua msichana kando, wakazungumza wawili tu. Kisha akaomba ruhusa yake kuwaambia wazazi, na Asekenye akakubali kwa kichwa. Miezi miwili ilikuwa imepita bila yeye kuona siku zake.

Ejoku aliinama. Mambo hayo baba wa Kiteso hayazungumzi na binti yake. Lakini Hadijah alizungumza kwa heshima, wala hakuzunguka.

"Mzee, mwili ukinyimwa chakula hauchezi," alisema. "Unafunga kazi zingine ili moyo uendelee kupiga. Siku za msichana zikikatika hivi, ni alama. Mifupa yake pia inaweza kudhoofika. Hii si dalili ya mchezaji aliye fiti. Ni dalili ya njaa."

Alimtuma kwa daktari siku ya Jumatatu, maana hali hiyo inaweza kuletwa na mambo mengine pia, na si vizuri kukisia. Daktari alimpima. Damu ilikuwa imepungua kidogo, akapewa vidonge. Mengine yote yalikuwa sawa. Kilichobaki ni chakula na kupumzika.

Jumatano Hadijah aliwaita wote watatu kwenye chumba chake cha kazi. Asekenye alipanda ile baiskeli, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Kioo kilionyesha mia moja hamsini na tano. Msichana alishuka akalia. Mama yake alimfuta machozi kwa kitenge.

Ejoku alikuna kichwa. Aliuliza hiyo wati ni kitu gani hasa. Yeye aliijua ya balbu.

Hadijah alimwambia ni kitu kilekile. Wati ni kipimo cha nguvu. Kwenye baiskeli, nguvu hiyo hutoka kwa mambo mawili: unaikanyaga pedali kwa msukumo gani, na unaizungusha haraka kiasi gani. Ukiizungusha haraka lakini huna msukumo wa kukanyaga, huendi popote. Na anayekanyaga ni msuli, hasa ule wa paja na ule wa makalio. Msuli ukikua kwa mazoezi, unasukuma zaidi. Ukinyimwa chakula, mwili unaanza kula msuli wake wenyewe.

"Lakini amekuwa mwepesi," Ejoku alisema. Bado alikuwa anashikilia kamba yake. "Si mwepesi anakwenda mbio?"

Hadijah alikubali kwamba kwenye mlima mrefu uzito una maana. Wako wachezaji wadogo wanaopanda milima vizuri sana. Lakini wana misuli ya kutosha mwili wao, na wanakula. Asekenye alikuwa amepoteza kilo sita, na nyingi kati ya hizo zilikuwa misuli. Nguvu ilikuwa imepungua kuliko uzito. Hata mlimani angeachwa. Na barabara ya Malaba ina vilima vidogo tu na tambarare ndefu. Kwenye tambarare unapigana na upepo, na upepo haujali una kilo ngapi. Unataka nguvu tu.

Mzee hakuwa amemaliza. Alinyoosha mguu wake, akauonyesha.

"Daktari, tazama mimi," alisema, ingawa Hadijah alishamwambia mara nyingi yeye si daktari. "Mimi nilikuwa mwembamba hivi. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyenipita."

"Kwenye keria ulibeba nini?" Hadijah aliuliza.

"Watu. Watu na mizigo yao."

"Kutoka asubuhi hadi jioni?"

"Asubuhi hadi jioni. Kilo themanini, kilo mia."

Hapo Petronilla, ambaye hakupenda maneno mengi, alifungua kinywa. Alisema yeye ndiye aliyempikia wakati huo, na hajasahau. Asubuhi Ejoku alikunywa uji wa wimbi sufuria nzima. Mchana alikula atap na maharagwe mpaka akafungua mshipi. Jioni ilikuwa samaki, na mchuzi wa njugu aliulamba mpaka sahani ikang'aa. Na akilala, hakuamshwa na mtu.

"Ulikula chakula cha watu watatu, mume wangu," alisema. "Mama yako alidhani una minyoo."

Asekenye alicheka, machozi yakiwa bado usoni. Hadijah naye alicheka, kisha akamgeukia mzee taratibu.

"Umeona sasa? Hukupata nguvu kwa sababu ulikuwa mwembamba. Wale wateja uliowabeba ndio waliokujenga miguu, na chakula cha mama huyu ndicho kilichoilisha. Wewe umekumbuka wembamba wako, ukasahau mzigo na sahani."

Ejoku aliurudisha ule mguu chini bila kubisha. Kwa wanaomjua, hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Kisha alimshika Asekenye mkono, mbele ya watu, akasema amemkosea na anaomba msamaha. Alisema alitaka apate ile nafasi mpaka akawa kipofu. Asekenye alimwambia bado wiki kumi zimebaki, na bado kocha ni yeye, lakini kocha pia aache ile chai ya rangi kwa sababu imemfanya awe na kisirani.

Hadijah aliwaandikia mpango kwenye karatasi moja, na Ejoku akaubandika ukutani juu ya kitanda chake.

Chakula kilikuwa kilekile cha nyumbani, ila sasa kilitosha. Asubuhi uji wa wimbi wenye maziwa, na mayai. Hapo nyuma mayai yaliwekwa kwa ajili ya wageni. Mchana na jioni atap au wali, na kila mara kitu cha kujenga mwili: maharagwe, omena, ndengu, au mboga za kunde zilizoungwa kwa njugu. Na akitoka kwenye baiskeli, asikae saa nzima bila kula. Hata viazi vitamu na kikombe cha maziwa vilifaa.

Mazoezi yalibadilika pia. Wiki mbili za kwanza alipumzika, akaendesha polepole tu. Kisha siku mbili kwa wiki alijenga miguu. Alibeba mfuko wa mchanga kifuani, akachuchumaa taratibu, akainuka, mara nane, akapumzika, akarudia. Mfuko ulianza na kilo kumi, ukaongezwa kidogo kidogo. Alipanda na kushuka kwenye benchi imara, mguu mmoja mmoja. Asekenye aliogopa atakuwa na miguu ya mwanaume. Hadijah alimwambia wanawake hawavimbi hivyo kwa urahisi, na kwamba yeye ana nafasi ya kuongeza nguvu nyingi bila kuongezeka sana. Siku moja kila wiki hakugusa baiskeli kabisa, maana msuli hujengeka wakati umelala, si wakati unachoshwa.

Zoezi moja lilitoka kwa Ejoku mwenyewe. Alikuwa bado na ile baiskeli yake nzito nyeusi ya kazi. Alimwuliza Hadijah kama Asekenye anaweza kubeba mtu, kama yeye alivyobeba. Hadijah alifikiri, akasema sawa, lakini ianze mwisho wa mwezi wa saba, mara moja kwa wiki, kwenye kilima kifupi cha murram, kisicho na lami wala magari, na goti likiuma aache papo hapo.

Basi watu wa mtaa wakaona ajabu. Mzee Ejoku, aliyebeba nusu ya Busia kwenye baiskeli yake, alikaa kwenye keria amemshika binti yake kiuno, na binti anapandisha kilima. Vijana wa pikipiki walimpigia honi. Mmoja alimwuliza kama amelipa nauli. Ejoku alisema yeye ni mzigo, na mzigo haulipi. Lakini huko nyuma, aliusikia mgongo wa mtoto wake ukifanya kazi, na baiskeli ikipanda bila kuyumba. Alilia kidogo. Baadaye alisema ni vumbi.

Mwisho wa mwezi huo Asekenye alimnong'oneza mama yake kwamba siku zake zimerudi. Usingizi ulikuwa umerudi kabla ya hapo. Mafua hayakuonekana tena. Petronilla alifumua suruali ile, akaipanua. Wiki moja kabla ya mbio walikwenda tena kwa Hadijah. Paja lilikuwa sentimita hamsini na saba, na kioo kilionyesha wati mia mbili na nne. Hadijah alisema nguvu haipimwi kwa utepe tu, kuna moyo na mapafu na akili pia. Ejoku hakusikia. Alikuwa ameshatoka nje kumwambia mlinzi wa mlangoni.

Siku ya mbio walianza wanawake thelathini na mmoja. Ejoku na Petronilla walisimama kwenye mstari wa mwisho, Busia. Hadijah alikwenda kusimama Malaba, mahali pa kugeuka, akapiga simu. Alisema Asekenye amegeuka akiwa wa saba. Wa saba haingii timu. Ejoku alitembea kwenda na kurudi mpaka mkewe akamshika shati.

Kisha wakatokea mbali barabarani. Mourine alikuwa mbele peke yake, yale mapaja aliyoyacheka Ejoku yakifanya kazi bila kuchoka. Nyuma yake alikuwa mmoja mwenye fulana nyekundu. Na nyuma ya huyo walikuja wanne pamoja, wameinama, upepo ukiwapiga usoni. Asekenye alikuwa wa mwisho kati ya hao wanne. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

Zilipobaki kama mita mia tatu, alitoka pembeni akaingia kwenye upepo. Ejoku aliiona miguu yake. Haikuzunguka kwa pupa. Ilikanyaga, kila pedali ikishuka na uzito wake wote. Alimpita mmoja wao, akampita wa pili. Wa tatu alikataa, wakaenda sambamba, na mita za mwisho Asekenye alisukuma mara nne tano hivi, akavuka mstari mbele kwa nusu gurudumu.

Alikuwa wa tatu. Mwamuzi alilisoma jina lake kwenye kipaza sauti, Asekenye Ejoku, timu ya kaunti, na Petronilla, yule mwanamke wa maneno machache, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Ejoku alisukuma watu akamfikia. Asekenye alikuwa ameketi kwenye lami, baiskeli imelala kando, jasho linamtiririka. Mzee alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameipanga wiki nzima, na yote ikampotea.

Asekenye aliinua uso akatabasamu.

"Papa," alisema, "nasikia njaa sana."

Ejoku alikimbia kumchukulia bakuli kwa Petronilla, viazi vitamu na mayai, akarudi nalo. Alimshikia pale barabarani, watu wakiwapita kila upande, mpaka akamaliza. Kisha akamwuliza kama aongeze.